Rojo la Bibingka

Chumba cha rojo hakina dirisha. Mwatumu wa Tanga yumo humo mwaka wa pili sasa, katika kiwanda kidogo cha Wafilipino huko Jordbro, Sweden, akikoroga mchele uliosagwa na tui la nazi. Rojo lake huwa bibingka, keki ya Wafilipino ambayo zamani ilipaliwa makaa juu na chini. Siku hizi huuzwa imegandishwa, na mnunuzi huipasha kwenye maikrowevu kwa sekunde tisini.

Kosa lake lilikuwa moja. Alipokuwa bado anafunga maboksi, alionja bibingka ya kiwanda akacheka. "Huu ni mkate wa kumimina uliokufa," alisema. Akaloweka mchele wake, akaacha rojo liumuke, akaoka kwa moto wa juu. Luzviminda, mwenye kiwanda, alionja, akamega kipande cha pili. Kesho yake Mwatumu akahamishiwa chumba cha rojo.

Sasa mama yake huko Tanga anapofuka. Anataka kumwona bintiye angali anaona. Kila Mwatumu akiomba likizo, Luzviminda hujibu kwa upole: "Nenda, lakini mfundishe mtu kwanza." Kuacha kazi hathubutu, kibali chake cha kuishi Sweden kimefungamana na kiwanda hicho.

Basi anamfundisha Fébronie, mfanyakazi mwenzake Mrundi. Miezi mitatu imepita, na rojo la Fébronie haliumuki.

Jana asubuhi Mwatumu alirudia kitambaa alichosahau chumbani. Alikuta bakuli la Fébronie limejaa povu laini, sawasawa na lake. Fébronie akalimiminia jagi la maji baridi.

"Umeanza lini mchezo huu?"

Fébronie alishtuka, kisha akaweka jagi chini. "Wiki ya pili. Dada, anayejua rojo hatoki humu. Wewe umetoka?"

"Mama yangu anapofuka."

"Najua. Niambie tu, ukienda utarudi?"

Mwatumu alichukua kitambaa chake, akafuta maji mezani.

Mlango ukafunguliwa, Luzviminda akachungulia. "Leo limekubali?"

Fébronie aliinamia sakafu. Mwatumu alilitazama lile bakuli, maji yakielea juu ya kazi nzuri.

"Bado," alisema.

Mlango ulipofungwa, alilimwaga rojo kwenye sinki, akamsogezea mwenzake gunia. Wakaanza kuloweka mchele mwingine, kila mmoja upande wake wa meza.