Lifti ya Maua ya Rubén Scarfoni

Rubén Scarfoni, fundi wa lifti wa mtaa wa Mataderos, aliweza kuzungumza na mtu yeyote ulimwenguni. Watu walionaswa kati ya ghorofa ya nne na ya tano walimpenda kama ndugu yao. Alikuwa akikaa chini koridoni, mgongo ukutani, akiwauliza kupitia mlangoni wamekula nini mchana, wanashabikia timu gani, babu yao alitoka kijiji gani cha Italia. Na lifti ikija kushuka, yule aliyekuwa akipiga mayowe anatoka akicheka, tena anaomba namba yake ya simu. Lakini binti yake mwenyewe, Milagros, hii ilikuwa siku ya kumi na tisa hasemi naye hata neno.

Mambo yalianzia mezani Jumapili moja, kwenye tambi za mama mkwe, mbele ya watu kumi na saba. Milagros alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na mitano, na binti wa nchi ile hafikii umri huo kimyakimya. Lazima ukumbi, lazima gauni, na lazima walsi, ile densi ambayo baba na binti huifungua wawili peke yao, watu wote wakiwatazama. Basi Rubén akasimama, akagonga bilauri kwa uma, akatangaza kwamba ukumbi ameushika tangu mwaka juzi, na kwamba binti yake hataingia kwa mlango kama watoto wa watu wengine. Atashuka kutoka darini, ndani ya lifti! Lifti yenyewe ameiunda kwa mikono yake, kizimba cha chuma kilichozungushiwa waridi, na moshi mweupe utafuka kwa chini.

"Utashuka taratibu, mwanangu, hata yai halivunjiki!" alisema, macho yakimng'aa.

Mashangazi wakapiga makofi. Milagros akaweka uma chini.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema, akainuka, akaenda zake.

Tangu hapo, alichotaka kumwambia baba yake alikipitishia kwa mama yake, Silvina.

"Mama, mwambie mumeo chumvi iko mbele yake."

"Mwambie mwenyewe, mimi si posta."

"Basi na ale hivyohivyo."

Kilichomuuma zaidi Rubén ni kibuyu cha asubuhi cha yerba, ile chai chungu ya majani. Nyumba zile hata wanaogombania urithi hunywa kwa mrija mmoja. Lakini Rubén akimnyooshea Milagros kibuyu, mtoto anatazama ukuta, na kibuyu kinarudi kwa mwenyewe kimejaa, kimepoa.

Silvina aliyekuwa na mshauri wake wa nafsi wa kila Jumatatu, mwaka wa kumi na moja huo, akaona yatosha. Akamtafutia mumewe na binti yao mshauri wa familia, wa kuonana naye kwa simu.

"Mama yangu ana wake, mimi nina wangu," akamwambia. "Wewe tu ndiye uliyebaki unaongea na nyaya. Sherehe ni wiki tatu mbele, Rubén. Unataka kucheza walsi na nani, na mimi?"

"Nitaongelea wapi? Humu ndani mama yako anasikia hata ninachowaza."

"Kwenye gari, kama wanaume wenzako."

Ndivyo kila Jumatano saa kumi na mbili jioni baba na binti walivyokuwa wakiingia kwenye gari lililoegeshwa mbele ya nyumba. Rubén alikaa kwenye usukani na mkanda amefunga, maana mazoea yana taabu. Milagros alikaa nyuma, kofia ya sweta imemfunika hadi puani. Simu ilibandikwa juu ya dashibodi, na humo ndimo alimotokea Bi Raquel, mama wa makamo mwenye nywele za fedha na sauti ya mtu asiye na haraka.

Sasa Bi Raquel alikuwa na desturi yake. Hakufuata saa. Alikuwa akikusikiliza, na kusikiliza, na pale ambapo neno lenye uzito lilikuchoropoka, alikukata palepale: "Tuishie hapo." Uso unapotea, simu inabaki nyeusi. Alisema neno kama hilo mtu aondoke nalo, likamchemkie nyumbani. Jumatano ya kwanza alikata Rubén alipotamka "kapi," lile gurudumu la kupitishia kamba ya lifti. Maskini, wiki nzima alipanda na kushuka majengo ya watu akijiuliza kapi lina nini. Ya pili hakuweza kumaliza hata kisa cha moshi. Na Milagros, Jumatano zote mbili, kimya.

Jumatano ya tatu Rubén alikuwa katikati ya kueleza breki za kizimba chake, kioo kikagongwa. Ni jirani, na gari lake liko katikati ya barabara.

"Rubén, unatoka? Nataka kuegesha."

"Sitoki, niko kwa mshauri!"

"Ah, niwie radhi. Msalimie."

Bi Raquel akapokea salamu, kisha akauliza polepole, "Rubén, densi ya kwanza ya walsi uliyoiona wewe ilikuwa ya nani?"

Rubén akashika usukani kwa mikono miwili.

"Ya dada yangu, Nilda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Wiki mbili kabla ya sherehe baba yetu alihamia Paraguay na msusi mmoja. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa, basi sherehe ikafanyika. Muziki ukapigwa, Nilda amesimama peke yake katikati na gauni lake, watu wanatazamana. Mpiga picha akamwonea huruma, akaweka kamera mezani, akacheza naye. Ndiyo maana picha ya walsi haipo. Aliyetakiwa kupiga alikuwa anacheza."

Nyuma, kofia ya sweta ilisogea kidogo.

"Na wewe?" akauliza Bi Raquel.

"Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na sahani ya keki. Nikasema, nikipata binti... Unajua, Bi Raquel, watu wanadhani napenda makuu. Si makuu. Mimi ninachoogopa ni..."

"Tuishie hapo," akasema Bi Raquel, na simu ikawa nyeusi.

Kisha sauti ikalipuka kutoka nyuma.

"Amekata? Amekata hapo? Ana wazimu huyu mwanamke?"

Rubén hakuthubutu kugeuka. Alimtazama kwa kioo cha juu.

"Ndivyo alivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Juzijuzi alinikata kwenye kapi."

"Kapi si kitu! Ulikuwa unasema unaogopa nini?"

"Naogopa siku ifike, nisiwepo."

"Utakuwa wapi? Paraguay?"

"Mimi? Lile joto nitaliweza?"

Milagros akavua kofia. Akajikaza asicheke, akashindwa.

"Lifti hapana, baba."

"Hakuna lifti."

"Na moshi."

"Moshi kidogo tu, wa chini chini..."

"Baba!"

"Hakuna moshi."

"Na mimi walsi sijui kucheza. Nitakukanyaga mbele ya watu."

"Mimi najua. Nimejifunza miezi minne."

"Kwa nani?"

Rubén akakohoa. "Kwa Tito wa kazini. Kwenye chumba cha mashine, ghorofa ya kumi na mbili, saa ya chakula."

"Tito? Yule mwenye masharubu? Nani alikuwa mwanamke?"

"Tulipokezana."

Hapo Milagros alicheka mpaka gari likatikisika. Alipopata pumzi, Rubén akafungua mkanda wake, akageuka mzimamzima kwenye kiti, akamuuliza swali ambalo kwa miaka miwili ya kushika ukumbi halikumjia kichwani.

"Wewe unataka iweje?"

Milagros akakunja miguu juu ya kiti akaanza kumweleza. Alitaka watu ishirini, si mia na ishirini. Alitaka viatu vyake vya kila siku. Kulikuwa na rafiki mmoja wa kualikwa na mwingine wa kutoalikwa, na sababu zake zilikuwa ndefu. Rubén hakutaja kapi wala breki. Aliuliza tu, "Ehe? Halafu?"

Silvina akatoka nyumbani na kitambaa cha jikoni begani, akagonga kioo: chakula kinapoa. Wote wawili, bila hata kumtazama, wakamwinulia kidole: subiri.