Kabati Jipya la Diski

Ofisi yetu ya Dodoma ilikuwa na chumba kimoja tu chenye baridi, na humo ndimo nilimofanyia kazi. Nje vumbi lilikuingia mpaka kwenye meno. Ndani nilivaa sweta. Katikati ya chumba ilisimama kompyuta kubwa ya shirika, nene kuliko kabati la nguo, na kando yake diski za zamani zilivuma mchana kutwa. Tulikuwa wawili wa kuilea: mimi, binti wa Mvumi, na mwenzangu mtu wa Kondoa aliyenitangulia kazini miaka mingi. Nilimwita kaka, naye aliniita dada. Tulikuwa tunashinda pamoja zaidi kuliko tulivyoshinda na watu wa nyumbani kwetu, kwa hiyo hatukuitana hivyo kwa adabu tu.

Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine, na kila asubuhi kantini ilikuwa na uvumi mpya. La kwetu lilitajwa, likaachwa, likatajwa tena. Basi lori lilipoleta kabati jipya la diski, kubwa na jeusi, mimi nilifurahi. Ndani ya kompyuta ile tulikuwa tunaendesha mifumo kadhaa ya Linux, kila mmoja kama kompyuta inayojitegemea na diski zake ndogo, na diski hizo zilikuwa zimejaa hata tukawa tunafuta hiki ili tupate pa kuweka kile. Niliwaza kama mtoto wa mkulima: mtu hajengi ghala kubwa mwaka anaotaka kuhama.

Bosi wetu alituita ofisini kwake.

"Vyote vilivyo kwenye diski za zamani vihamie kwenye kabati jipya," alisema. "Jumatatu mwekezaji anatuma watu waje kuangalia."

"Mwekezaji yupi, mzee?" kaka aliuliza.

"Ninyi hamisheni kwanza."

Tulianza Jumamosi asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na kaka alikuwa amefunga. Tulizima mfumo mmoja, tukanakili diski yake ndogo kwenye diski kubwa, kisha tukaufahamisha mfumo wenyewe kwamba sasa una nafasi, maana usipoambiwa utaendelea kubanana palepale pa zamani. Halafu tukauwasha. Mmoja ukaamka, na wa pili, na wa tatu. Nikaanza kuimba nyimbo za kwaya.

Mchana ukafika mfumo uliotunza kumbukumbu za wafanyakazi na wastaafu. Tulinakili vizuri, tukawasha, skrini ikabaki kimya. Nikarudia. Kimya. Nikanyoosha mkono niuwashe mara ya tatu.

"Tusikimbizane nao," kaka alisema. "Diski ya zamani ipo, hatujaigusa. Hakuna kilichopotea."

Akavuta kiti, nami nikavuta changu, tukapitia kila hatua. Mwishowe tukaona: maelekezo ya kuwashia mfumo yalikuwa bado yanaelekeza kwenye diski ya zamani. Tukayaandika upya, nikabonyeza, maneno yakaanza kuteremka kwenye skrini. Nilipiga makofi. Kaka hakupiga.

Jua lilipozama tulitoka kukaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimemletea tende, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikunywa maji kwanza, akashusha pumzi, akaniuliza:

"Dada, umejiuliza kwa nini wanataka kila kitu kikae kwenye kabati moja?"

"Si diski zimejaa?"

"Zimejaa, kweli. Lakini vitu vilivyotawanyika havibebeki. Vikishakusanywa, watu wanne na lori wanatosha."

Nilimkasirikia. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na sikutaka kusikia. "Kama unajua hivyo, unahangaika nini? Ule mfumo ulipogoma si ungeuacha?"

Alitafuna tende taratibu mpaka akaimaliza.

"Mle mna majina ya watu," alisema. "Kuna wazee huko Mlali wanasubiri stahili zao. Hao hawajaniuza."

Jumapili nilitoka kanisani moja kwa moja nikamkuta ameshaanza. Tulimaliza siku hiyo. Jumatatu wageni walikuja wamevaa tai, wakakagua, wakatushika mikono. "Kazi safi sana," mmoja alisema, na bosi akacheka kwa furaha kama bwana harusi.

Kabla mvua za kwanza hazijanyesha, lori likarudi. Walibeba kabati, wakabeba na kompyuta, wakaelekea Dar es Salaam. Kiyoyozi kikazimwa. Sisi tuliendelea kuja kazini, tukawa tunakaa katika chumba kitupu chenye alama za miguu ya mashine sakafuni, tunasoma magazeti ya juzi. Kisha alasiri moja tukaitwa, mmoja mmoja, tukaambiwa tumepunguzwa. Bosi naye alifuata baadaye.

Mimi nilipata kazi ya kufundisha kompyuta shuleni, kwetu Mvumi. Kaka alirudi Kondoa akafungua duka. Likizo moja ya Pasaka nilipanda basi kwenda kumsalimu. Nilimkuta dukani, amekonda, kanzu inamwelea. Mkewe alinikaribisha kwa chai, tukaongea habari za watoto na za mvua. Ndipo kaka akauliza, bila kunitazama:

"Ile mashine yetu, umesikia iko wapi?"

Nilikuwa nimesikia kwa mtu wa Dar. "Wameizima, kaka. Wenye mali wameleta mashine zao ndogo. Lile kabati liko bohari."

"Na yale majina? Waliyahamisha?"

"Sijui."

Mama mmoja alikuja na chupa kununua mafuta ya taa. Kaka alisimama kumpimia. Chupa ikajaa naye akaendelea kumimina, mafuta yakamwagika kaunta nzima, na mkewe akaja haraka na kitambaa. Sikukaa sana baada ya hapo. Niliwaaga, nikaenda stendi kusubiri basi la Dodoma.