Nyumba ya Bawaba Isiyo na Milango

Ninachowaletea hapa hamtakiamini, na sitawalaumu, maana hata mimi niliyekiona kwa macho yangu mawili, tena mazima, huwa nabishana nacho. Kuna seremala mmoja aliyemwoa dada yangu. Watu wanamwita Bawaba. Milango ya mtaa mzima imetoka mikononi mwake: ya duka la dawa, ya shule, hata ya kituo cha polisi. Nyumbani kwake hakuna hata mmoja. Fremu tupu, unaona sebule hadi jikoni.

Msicheke. Aliing'oa mwenyewe kwa sababu ya mdogo wake wa tumbo moja, mwashi, wanayeishi naye. Ghorofa alilokuwa akilijenga na mafundi wengine lilianguka, likamlaza chini ya zege siku mbili pamoja na wenzake wanne. Akatoka hai peke yake. Mifupa iliunga. Lakini akisikia mlango unafungwa, hata wa jirani, anarudi kule chini. Jasho linamtoka, anatema vumbi ambalo sisi hatulioni.

Muuguzi wa kliniki ya akili alisema anywe dawa, aje kila mwezi kuzungumza, na nyumbani asisukumwe. "Ninyi hakikisheni nyumba haimtishi." Bawaba akayachukua maneno hayo kama oda ya kazi. Jioni ile ile milango yote ilikuwa imeegemezwa ukutani uani.

Aliyeumia ni dada yangu. Bafu lilibaki na shuka, na shuka halina adabu upepo ukipita. Ikabidi kila akioga aimbe, watu wajue pana mtu. Nampenda dada yangu, lakini akiimba ni msumeno uliokutana na msumari.

"Mume wangu," alisema siku moja, "nimeimba miaka miwili. Nyimbo zimeniishia. Sasa naimba matangazo ya redio."

Yule mdogo mtu akacheka. Kicheko chenyewe, cha tumboni, cha kwanza tangu zege. Akasema, "Kaka, mwekee shemeji mlango. Huo mmoja tu, na usiwe na kitasa."

Bawaba aliutengeneza wiki nzima. Mbao nyepesi, juu na chini ameacha wazi mwanga na hewa vipite. Badala ya kitasa akaweka kidude cha springi cha kuuzuia usichezechezwe na upepo. Ukiusukuma kwa kidole unaachia.

Sasa, maseremala wana tabia yao. Fundi akishafunga bawaba ya mwisho, huusukuma mlango kwa kisigino huku keshageuka na vyombo vyake, anasikiliza. Mlango mzuri husema "tk" mara moja. Ukisema mara mbili, anarudi. Bawaba amefanya hivyo miaka thelathini, na mguu wake haumwombi ruhusa. Mchana ule mdogo wake alikuwa ndani ya bafu, ameinama, anamfagilia vumbi la mbao. Bawaba akaokota kisanduku chake, akageuka, kisigino kikaenda nyuma.

Tk.

Aliniambia baadaye kwamba kabla hajajua amefanya nini, alikuwa ameshafurahi. Ulikuwa umekaa sawasawa.

Ndani hakukuwa na kelele. Alipofungua alimkuta amepiga magoti, anachimba sakafu kwa kucha, anawaita wale wenzake wanne mmoja mmoja, kwa sauti ndogo ya mtu anayebania hewa.

"Ni mimi, kaka yako. Ona, ni wazi. Ni wazi."

Mdogo wake akamtazama. "Umefunga wewe," akasema.

Tangu siku hiyo hakuingia ndani. Akahamia uani, juu ya benchi la kurandia mbao. Mlango ule Bawaba aliupasua kwa shoka, na dada yangu akarudi kuimba, safari hii chinichini. Kisha mvua zikaanza. Bawaba akaleta turubai; mdogo wake akalisukuma, kwani chochote kinachomjia kwa juu ni zege. Mwavuli pia akaukataa. Basi kaka mtu akaketi kando yake, mvua ikawanyeshea wote wawili. Mimi nilikuwa barazani, mkavu, namtania, "Shemeji, utaota uyoga," kwa sababu ningenyamaza ningelia, na mwanamume wa umbo langu akilia watu hukusanyika. Bawaba alikuwa anamwambia mdogo wake neno moja, tena na tena: nisamehe. Yule anatazama mbele tu.

Siku ya kumi kikohozi kikamshika yule mdogo mtu. Muuguzi akaja, akampima, akamvuta Bawaba pembeni. Asipokubali kulala pakavu usiku huo, alisema, itabidi alazwe kwenye wodi yao. Milango ya wodi ile hufungwa kwa funguo. Bawaba alijua vizuri kuliko muuguzi, aliitengeneza yeye.

Hiyo ilikuwa jana; alasiri mvua ilikata. Sote watatu, mimi, dada yangu na Bawaba, tulikuwa sebuleni. Tukamwona anashuka benchini. Akavuka uani taratibu, ameshikilia suruali iliyolowa, akafika kwenye fremu ya nyuma, akasimama. Bawaba akakunja miguu yake chini ya kiti. Mdogo wake akainua mguu, akaukanyaga ndani. Nawaambieni, akaingia kifua mbele, akavuta kiti, akaagiza chai, akanywa vikombe vitatu, akamshika kaka yake bega akamwambia yamekwisha, akacheka kile kicheko chake, halafu akaenda zake kitandani akalala fofofo mpaka—

"Mguu mmoja, shemeji," akasema Bawaba, ambaye kumbe anasoma ninachoandika, amesimama nyuma ya bega langu. "Aliuweka, akautoa. Na leo asubuhi nimempeleka wodini kwa mikono yangu. Andika hivyo."