Sweta ya Mama Wangeci

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mimi sichezi. Haya yalinipata mchana, saa kumi na robo, jua likiwaka nje, na sikuwa nimelala wala sikuwa mgonjwa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Eldoret. Nashona yunifomu za shule, naimba kwaya kanisani, pombe siijui. Niamini au usiniamini, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Wakati wa vita vya uchaguzi nilikuwa nakaa mtaa wa West Indies, hapa hapa mjini, na binti yangu Faith, kwenye ploti ya nyumba sita. Nyumba yangu na ya Mama Wangeci zilitenganishwa na ukuta mmoja. Akikohoa namsikia. Tuliazimana chumvi, tuliazimana makaa, na kamba ya kuanika nguo ilikuwa moja. Mimi ni wa Butere, watu wake wako Burnt Forest, makabila mawili. Siku hizo ndipo tulijua kumbe hilo lilikuwa jambo.

Vijana walipofika getini jioni moja walikuwa wameshatangaza: atakayemficha mtu wa kabila lake atachomwa naye. Mama Wangeci alikuwa peke yake, binti yake ameenda kwa mjomba kufunga mwaka. Akakimbilia mlango wangu. "Mama Faith, fungua. Mama Faith, ni mimi."

Aligonga mara saba. Nilihesabu. Nilikuwa nimekaa sakafuni nimemziba Faith mdomo. Ya nane haikugongwa.

Alizikwa kwao. Sikwenda. Kilichobaki kwetu ni sweta yake ya maruni, aliyoifuma kwa mikono yake, ikaning'inia kwenye kamba siku nne mpaka nikaitoa. Nilijiambia namwekea binti yake. Nikaitia kwenye gunia la vitambaa, nikanyamaza miaka mingi.

Halafu akaja mwalimu mmoja wa sanaa, dada mpole. Alitukusanya sisi mafundi wanawake kwenye ukumbi, akasema tushone sanamu kwa nguo kuukuu, kisha tuzivae na kuigiza yale wazee wetu walituachia. Mimi nilikuwa na la kuleta. Nyanya yangu kule Butere alikuwa na kamba ndefu. Mtu akifa nyumbani, nyanya anakata kipande cha nguo ya marehemu, anakifunga kwenye kamba. Anaipitisha mikononi fundo kwa fundo akitaja majina: huyu alilima wapi, yule alimkosea nani. Hakuna aliyepambwa kwa sifa za uongo.

Nikashona mwanamke mrefu kushinda mlango, tumbo la matambara, mikono ya suruali za jinzi, na kifuani nikamvisha ile sweta.

"Hii ya maruni ni ya nani?" mwalimu akaniuliza.

Mdomo wangu, sijui uliendeshwa na nani, ukasema: "Ya jirani yangu. Nilimficha chini ya kitanda siku tatu. Alikuja kuuawa baadaye, njiani."

Mwalimu alilia. Ungekuwa wewe ungerudi nyuma? Ikawa ndiyo onyesho lenyewe. Naingia ndani ya sanamu, natembea nayo polepole katikati ya watu, nasimulia kitanda, na giza, na uji niliompa kwa kikombe cha Faith. Watu walitoa machozi. Wageni walipiga picha. Faith, ambaye sasa ni mtu mzima, alikataa kabisa kuja. Mimi nilipenda. Wacha niseme ukweli, nilipenda sana.

Siku ya pili, watu walipotoka kunywa chai, nilirudi ukumbini kushona bega lililofumuka. Mlango ni mmoja, na bawabu alikuwa ameketi hapo. Nikaona mwanamke kwenye benchi mbele ya sanamu, amenipa mgongo, ana petikoti na blauzi nyembamba, mabega ameyakunja kama mtu anayesikia baridi.

"Mama, onyesho limeisha," nikamwambia.

"Najua. Nilingoja watoke."

Alikuwa anaifumua sweta. Anavuta uzi, anauzungusha mkononi, haraka, kama mtu anayejua ulipoanzia.

"Hapa kwapani nilikosea," akasema. "Nilikuwa naongea na wewe, nikaruka kitanzi. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nikakaa chini.

"Mama Faith, uliniweka chini ya kitanda gani?"

Nikaitazama sindano niliyokuja nayo.

"Si ni kile cha mbao? Chini ulikuwa umejaza maboksi ya yunifomu, hata paka hangepita. Niligonga mara ngapi?"

"Saba."

"Sasa mbona husemi saba?"

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akageuka akaniangalia, na uso ulikuwa wake, hauna jeraha, umechoka tu.

"Uliogopa. Hata mimi ningeogopa, hiyo ningeimeza. Lakini unanivaa, unapigiwa makofi, eti uliniokoa?"

Bawabu alinikuta sakafuni peke yangu. Kifua cha sanamu kilikuwa wazi, matambara yamemwagika, na mapajani mwangu kuna mpira wa uzi wa maruni. Nikamuuliza yule mama amepita wapi.

"Mama gani?" akasema. "Tangu watu watoke, hapa umeingia wewe tu."

Kesho yake niliivaa ile sanamu na kifua chake wazi, nikasema vile ilikuwa. Mlango, saba, mkono wangu mdomoni mwa mtoto. Hakuna aliyepiga makofi. Wasimamizi wa onyesho waliniita pembeni, wakaniambia kwa adabu kwamba watu wanataka kupona, na ile ya kitanda ndiyo inaponya. Nikakataa. Basi wakanunua sweta nyingine ya mitumba, wakampa mwanamke mwingine maneno yangu.

Nilipeleka uzi Burnt Forest. Wangeci sasa ana watoto wake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama uani, hakunipa kiti. Aliupokea uzi, akaukazia macho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Haya. Magari ya kurudi Eldoret huisha mapema, usichelewe." Akaingia ndani.

Tangu hapo kufuma nimeshindwa. Cherehani haina shida, lakini nikishika sindano za sweta mkono unakufa ganzi kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Daktari ameangalia, haoni kitu. Nimezoea.

Na wewe unayenisikiliza, nakuonya. Kama kuna mtu ulimwacha nje siku zile, na tuko wengi mjini hapa tunasalimiana tu, usimtungie wema ambao hukumtendea. Ukishindwa kusema vile ilikuwa, nyamaza. Sanamu ile ingali inazungushwa huku na huku. Ukikutana nayo, ukasikia habari ya kitanda na uji, usilie. Yule mama alifia nje, na mimi nilikuwa ndani.