Hoho Mbichi za Mwalimu

Juzi kazini huku ughaibuni, kwenye ghala la Wetherill Park, boksi la pilipili hoho lilinipasukia miguuni. Harufu ile, ndugu yangu, ilinirudisha kambini kwetu wakimbizi, nina miaka tisa, mdogo wangu wa kike kando yangu anatema mate mekundu. Ufizi ulikuwa unamtoka damu. Watoto wengi walikuwa hivyo; mwaka mzima tulikula ugali na maharage tu.

Mimi sikusoma sana, lakini somo moja halijanitoka. Mwalimu alitusimulia habari za bwana mmoja wa Hungaria, mtaalamu wa kemia ya mwili. Mkewe alimwekea hoho mezani, yeye hana hamu nayo, akaipeleka maabara badala ya kuila. Akakuta imejaa vitamini C, dawa ya ufizi unaotoka damu. Vita vilipokuja aliwasaidia waliowindwa ili wauawe. Akapata kiti bungeni. Alipoona utawala umeoza, akakiacha, akahama nchi. Mkimbizi kama sisi! Tulimpigia makofi kana kwamba amesimama mlangoni.

Mwalimu akatupandisha hoho nyuma ya darasa. Za kwanza bibi yangu alizitia kwenye sombe, yale majani ya muhogo, akachemsha tangu asubuhi mpaka jua kichwani.

"Mama, umeiua dawa yote," Mwalimu akamwambia. "Zinaliwa mbichi."

"Mbichi hula mbuzi. Huyo Mzungu wako, mkewe hakujua kupika, ndiyo maana alikimbilia maabara!"

Lakini kesho yake alizikata mbichi, akanyunyiza chumvi. Siku zikapita, mate ya mdogo wangu yakawa meupe.

Kisha tukakuta bustani tupu. Aliyeivuna namtaja: mwenyekiti wa bloki yetu pale kambini, mjomba wangu, tumbo moja na mama yangu. Alikwenda kuziuza. Mwalimu alipouliza, akahamishwa. Damu ikarudi, na mdogo wangu hakuiona mvua iliyofuata. Bibi, aliyemzaa mtu yule, hakumwita jina tena mpaka anakufa.

Sasa Mjomba naye yuko huku huku, Quakers Hill. Kanisani anakaa mbele, mwenyekiti bado. Yule wa Hungaria aliacha kiti. Huyu wetu alihama nacho.

Jumapili nilimwekea hoho mkononi. "Kula, Mjomba. Mbichi."

Akaigeuzageuza. "Mwanangu, mimi meno sina tena."

Bibi hayupo, bustani imekuwa pori, Mwalimu sijui aliishia wapi. Nikaichukua hoho yangu, nikaila pale pale mbele yake, mpaka mbegu.