Bati la Msikiti wa Kwamgomba

Kazi ya Mwantumu binti Mhina ilikuwa kutazama mawingu, na watu walimtania kwa hilo. "Wenzio tunavunjika viuno shambani, wewe unalipwa kuangalia juu," mashoga zake walimwambia kisimani, naye hucheka pamoja nao. Lakini mwaka ule wa sabini na nne zahanati yao, huku ndani upande wa Sindeni, haikuwa na daktari, na masika yakikolea barabara ya kwenda Korogwe ilikatika. Ndege ya madaktari ilishuka pale uwanjani kwenye nyasi ikiwa tu Mwantumu amesema redioni kwamba kunashukika.

Yeye aliona tumbo la wingu; mgongo wake aliuona rubani. Kwa hiyo kila ndege ikipita, hata ya mizigo, rubani humweleza alichokutana nacho kule juu: upepo unatoka wapi, baridi kiasi gani, wingu limeishia wapi, upenyo uko wapi. Mwantumu huandika, halafu humsomea rubani anayefuata. Vijiji vyao havikuwa kwenye ramani, basi marubani walitaja kile walichokiona: bwawa, shamba la mkonge, bati linalong'aa.

Siku hiyo ya Aprili, Efrazia mke wa Yordani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na siku ya pili ya uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama Grasiana, mkunga, alitoka chumba cha wazazi pale zahanatini akijifuta mikono.

"Mwanangu, ita ndege. Huyu si wa kungojea."

Mwantumu aliita. Saa tano Kapteni Kaleb akaruka kutoka Tanga, na kabla hata hajakaribia alikuwa ameanza utani wake. "Mwantumu, mbingu zimeamka?"

"Zimejifunika gubigubi, Kapteni. Lakini yuko mwenzako wa mizigo amepita sasa hivi. Ameona upenyo mmoja tu, chini yake kuna bati la msikiti. Hapo ni Kwamgomba."

"Kwamgomba napajua. Pana kilima nyuma yake. Nakuja."

Walisikia mngurumo ukipita juu ya wingu, ukafifia upande wa Kwamgomba, ukashuka. Yordani alisimama nje ya dirisha la chumba cha redio, kofia mkononi. Mara mngurumo ukapanda ghafla, ukawa kama mtu anayepiga kelele.

"Hakuna upenyo!" sauti ya Kaleb ilikuwa si ile ya utani. "Nimeingia kwenye wingu jembamba nikidhani ndio upenyo, nimekutana na miti ya kilima. Mwantumu, umenipeleka wapi?"

"Kwamgomba, Kapteni. Kwenye bati."

Yordani akaingiza kichwa dirishani. "Kwamgomba gani, dada? Wale si wamehamishwa? Bati la msikiti walilipakia kwenye lori la operesheni ya vijiji, liko kule barabarani kijiji kipya."

Mwantumu akakumbuka. Baba yake mwenyewe ndiye aliyeng'oa misumari ya bati lile, akaihesabu, akaifunga kwenye kitambaa ili ikatumike tena. Yeye alikuwepo, mtoto mgongoni. Lakini kichwani mwake msikiti wa Kwamgomba bado ulikuwa kule Kwamgomba. Rubani wa mizigo alisema bati la msikiti tu; jina la Kwamgomba alilitia yeye.

"Kapteni! Si kilimani. Ni mashariki, kando ya barabara ya Kabuku. Bati limehamishwa!"

"Mafuta yangu hayaruhusu tena. Narudi Korogwe kwenye uwanja wa shamba la mkonge, nijaze, nije."

Chumbani Efrazia aliacha kulia, na huko kunyamaza kulikuwa kubaya kuliko kilio. Mama Grasiana alimwita jina lake, akamwita tena. Yordani aliuliza mara tatu Korogwe ni mbali kiasi gani kwa ndege, na yeye alizaliwa Korogwe.

Saa nane na robo Kaleb alipita kwenye upenyo wa barabarani, akaja chini ya wingu mpaka uwanjani, akashuka. Walimbeba Efrazia kwa blanketi, watu wanne, miguu ikizama kwenye tope. Aliwatazama wote bila kumtambua yeyote.

Kesho yake asubuhi Kaleb alipita juu. Kama desturi, alianza na hali ya hewa.

"Upepo wa kusini. Wingu limeishia futi elfu saba. Baridi, digrii kumi na mbili. Umeandika?"

"Nimeandika."

Redio ikakwaruza kidogo. "Mama amefia kwenye meza ya upasuaji, Mwantumu. Mtoto pia. Daktari anasema angefika kabla ya saa saba..."

Kabla hajaweka kalamu chini ndege nyingine iliita, ya mizigo, ikiulizia njia. Mwantumu alisoma: upepo, futi, baridi. Alisoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. "Upenyo sijui leo uko wapi," alisema. "Ukiuona, usinitajie bati tu. Nitajie na kilicho kando yake: mto, kilima, barabara. Vitu vyetu vinahama."

Alipotoka nje Yordani alikuwa kwenye benchi, amekaa hapo tangu alfajiri. Akainuka.

"Wamesemaje, dada?"

"Kaa kwanza, Yordani."

"Sikai. Sema hivi hivi nimesimama."

Akamwambia. Lile neno la saa saba angeweza kulimeza, na hakuna ambaye angejua. Alilisema pia.