Ngo Tatu za Ukutani

Saa nne asubuhi, siku ya harusi ya watu, nilimnyoa bwana harusi nyusi nzima ya kushoto.

Sikuwa mlevi. Sikuwa na kinyongo naye. Nilisinzia nikiwa nimesimama, mashine inanguruma mkononi.

Alipojiona kwenye kioo hakupiga kelele. Alipapasa pale palipokuwa na nyusi, kisha akauliza taratibu, "Kaka, hii huota baada ya muda gani?"

Tuliichora kwa wanja wa dada wa saluni ya jirani. Ndoa ikafungwa, na nasikia picha zilitoka safi. Ila bosi wangu aliniita pembeni akasema maneno machache: "Kosa la pili, mlango ule pale."

Nikatoka pale nimevimba kama andazi. Maana mbaya wangu nilikuwa namjua. Alikuwa analala ng'ambo ya ukuta wangu.

Nyumba tunayopanga ina vyumba sita. Vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, bafu moja, bomba moja uani. Kuta zilijengwa zikachoka njiani, juu yake ni dari moja la mbao nyembamba linalopita nyumba nzima. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaambiwa "afya" kutoka cha sita.

Mimi nakaa mwisho wa korido, mkono wa kulia. Chumba kinachopakana na changu alihamia mama mmoja wa makamo, mfuaji wa mashuka hospitalini. Alikuwa mpole, mtaratibu, maneno yake ya kuhesabu. Wapangaji tukambatiza jina la Bi Kimya.

Kimya gani sasa!

Wiki ya pili tu tangu ahamie, mambo yakaanza. Usiku wa manane, watu wako ndotoni, unasikia ukutani: ngo! ngo! ngo!

Nashtuka kama nimeangukiwa na gunia. Moyo mbio, mdomo mkavu, fulana chapachapa kwa jasho.

Natega sikio. Kimya. Najifunika tena. Usingizi ukianza kuninogea tu, ngo! ngo! ngo!

Mwanzo nilidhani ni panya. Lakini panya gani anagonga mara tatu, anapumzika, anagonga tena mara tatu? Usiku mmoja nikabandika sikio ukutani. Nikasikia kiti kinasogezwa na mtu anakohoa.

Alikuwa yeye. Mwenyewe.

Asubuhi tunakutana bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Kifua hakijambo?"

Kifua! Mtu amekunyima usingizi usiku kucha, kukicha anakuulizia kifua. Nikaona hii sasa ni dharau iliyovalishwa salamu.

Kumwuliza moja kwa moja sikuweza. Umri wake ni wa mama yangu, ningeanzia wapi? Nikachagua njia ya waoga, vijembe.

"Siku hizi kuna mafundi humu wanajenga ghorofa usiku," nikasema, nikiangalia ndoo kana kwamba naongea na ndoo.

Akakinga maji yake, akajitwika, akaondoka.

Usiku ule ngo zake tatu alizirudia mara tano. Nilihesabu.

Basi nikasema dawa ya moto ni moto. Nilikuwa na spika moja ya maana, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Nikaiegemeza ukutani kwake, saa nne usiku, nikafungulia mpaka vikombe vikacheza kabatini.

Aliyekuja kugonga mlango si Bi Kimya. Ni Mwalimu, wa chumba cha mkabala, yule anayefundisha hesabu. Amevaa pajama, macho mekundu.

"Zima hicho kidubwasha. Kesho nina watoto sitini darasani."

"Mwalimu, wewe kelele za usiku huku kwetu huzisikii?"

Akacheka kwa pua. "Kuzisikia? Tunaishi nazo, bwana. Mke wangu alikuja likizo akaondoka siku ya tatu."

Aisee, nikapata nguvu. Kumbe si mimi tu! Kumbe nyumba nzima inaumia, hakuna wa kumfunga paka kengele!

Nikazima spika, nikachukua karatasi na kalamu. Nikaandika, nikajisomea kwa sauti ya kiongozi ili nione kama inaingia vizuri:

"Sisi wapangaji tumechoshwa na kelele za usiku zitokazo mwisho wa korido, mkono wa kulia. Tunamwomba mwenye nyumba amhamishe mhusika."

Jina sikutaja, maana kule mwisho tuko mimi na yeye tu, na mwandishi ni mimi. Nilijiona nina busara.

Kesho yake jioni nikapita mlango kwa mlango. Sikuwahi kuona watu wanasaini haraka vile. Nafungua mdomo kueleza, mtu keshanyakua kalamu. Dereva wa lori wa chumba cha nne alinishika bega, akanitazama kama anataka kulia.

"Kaka, wewe ni mwanaume. Mwingine asingethubutu kuileta mwenyewe."

Sikuelewa ushujaa upo wapi, ila sifa nikapokea. Mwalimu alisaini kwa kalamu nyekundu, akajitolea kuifikisha kwa mwenye nyumba kwa mkono wake. Mlango wa Bi Kimya, bila shaka, niliuruka.

Wakati tunasubiri majibu, nikaamua kujihami. Nikakihamisha kitanda mpaka ukuta wa pili, mbali na wake kabisa. Nikachukua pamba kule kazini, nikaziba masikio yote mawili. Mlango nikapiga komeo.

Siku hiyo nikalala kama mfalme. Gonga, mama. Gonga mpaka uchoke.

Kitu nilichokisikia baada ya hapo ni maji.

Maji ya baridi, usoni, ndoo nzima. Nikavuta pumzi kwa nguvu mpaka kifua kikalia, kama mtu anayeibuka kutoka kwenye kina. Nikafumbua macho. Taa inawaka. Chumba kimejaa watu. Mwalimu ameshika bega lake anagugumia kwa maumivu. Mlango wangu uko chini.

Na mimi nina bukta peke yake.

Nikachomoa pamba. "Nyie! Mmenivunjia mlango! Kuna nini?"

Bi Kimya alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda changu, ndoo tupu mkononi. Akaninyooshea kidole.

"Mama, umenichoka kiasi hiki?" nikamfokea. "Ukuta haukutoshi, sasa umenifuata mpaka ndani?"

"Nimehesabu arobaini," akasema.

"Arobaini ya nini?"

"Siku zote ukinyamaza nahesabu. Ukifika kumi na tano nagonga, unashtuka, unavuta pumzi. Leo nimegonga hushtuki. Nimehesabu mpaka arobaini, mwanangu. Arobaini!"

Nikatazama watu. Nilisubiri mmoja acheke aseme mama wa watu amechanganyikiwa. Hakucheka mtu.

"Unakoroma, bwana," Mwalimu akasema, taratibu, kama anavyomwambia mtoto aliyefeli. "Unakoroma kama mashine ya kusaga. Tulidhani unajua."

"Mimi?"

"Wewe. Ile karatasi ulipoileta mwenyewe tulikuheshimu sana."

Jamani.

Nilikaa kitako juu ya godoro lililolowa. Wakati ule hata bukta nilikuwa nimeisahau.

Bi Kimya akaweka ndoo chini, akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake.

"Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Anakoroma, anakoroma, ghafla kimya, halafu anavuta pumzi kama anazama. Nikawa namlalamikia kila siku. Namfinya, namsukuma, namwambia nyamaza nilale. Usiku mmoja akanyamaza. Nikasema moyoni, alhamdulillah, leo nitalala. Nikalala, mwanangu. Nililala vizuri mno. Asubuhi namgusa, wa baridi."

Dereva wa lori akageukia ukutani.

"Nilipohamia hapa nikakusikia," akaendelea. "Nikajua. Siwezi kulala mtu akinyamaza namna ile."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambiaje? Mwanamke mtu mzima amwambie kijana wa chumba cha pili kuwa usiku anamsikiliza anavyolala? Watu wangenionaje? Nikawa nakuuliza kifua. Nilidhani siku moja utasema kinakusumbua, nikuelekeze hospitali."

Kumbe salamu ile ilikuwa mlango aliokuwa ananifungulia kila asubuhi, nami kila asubuhi naubamiza.

Hakukucha haraka siku hiyo. Kulipokucha alinipeleka yeye mwenyewe, kule kule anakofulia mashuka. Daktari akanipima, akaniuliza kama huwa nasinzia mchana. Nikamsimulia ile nyusi. Akacheka mpaka akavua miwani, halafu akawa mkali kweli kweli.

Akanieleza kwamba nikilala koo langu linajifunga, hewa inakatika, mwili unapigania uhai usiku kucha nami sina habari. Ndiyo maana naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nipunguze uzito, nisilale chali, na atanitafutia mashine ya kupumulia, ile ya kinyago.

"Anayelala na wewe ndiye amekuleta?" akauliza.

"Jirani," nikasema. "Tunatenganishwa na ukuta."

Daktari akamtazama Bi Kimya. Kisha akainuka akampa kiti chake.

Sasa ngoja. Nilidhani yameisha. Jumapili mwenye nyumba akatokea na karatasi yangu mkononi.

Ni mama mmoja mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, hana mzaha. Akatuita wote uani.

"Mmesaini karibu wote," akasema. "Haya, wa mwisho wa korido mkono wa kulia ni nani, afungashe?"

Macho yote kwangu.

"Na mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu," nikajibu.

Akavaa miwani, akanikagua toka juu mpaka chini. "Umejishtaki mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilitaka kucheka nao, na ingekuwa rahisi sana kuliacha jambo liishie pale. Kila mtu alikuwa anaamini niliandika kwa ajili yangu. Sifa za ushujaa nilikuwa nazo mkononi.

Lakini Bi Kimya alikuwa amesimama pale karibu na bomba, macho yake bado yana uvimbe wa kukesha kwa ajili yangu. Uongo ukagoma kutoka.

"Hapana, mama," nikamwambia mwenye nyumba. "Sikujiandikia mimi. Niliandika afukuzwe yeye."

Kicheko kikakatika kama redio iliyokatiwa umeme. Mwalimu akanitazama kama hanijui.

Nikamgeukia Bi Kimya. "Nisamehe, mama. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta sahihi za kukutoa."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ulijisomea kwa sauti usiku ule kabla ya kulala. Nyumba hii haina siri, mwanangu."

Nikahesabu siku kichwani. Karatasi niliisoma Jumatatu. Mlango ulivunjwa Alhamisi. Kwa maana hiyo usiku ule anapiga kelele koridoni, anawaamsha watu, anamsukuma Mwalimu auvunje mlango, alikuwa anajua kabisa kuwa yule anayemwokoa anamtafutia njia ya kumtupa nje.

"Ulijua," nikasema, "na bado ukawa unanigongea?"

Akanishangaa kwa dhati, kama nimeuliza swali la kitoto.

"Sasa hayo na kupumua yanahusiana vipi?"



Mwenye nyumba aliikunja ile karatasi mara nne, akaitumbukiza mkobani, akasema mlango nitautengeneza mimi na asisikie tena upuuzi. Tukatawanyika. Mwalimu alininunia wiki mbili, halali yake, maana bega lilichukua muda kupona.

Kinyago kilipatikana baada ya miezi miwili na ushee. Nikikivaa nafanana na rubani aliyepotea njia, ila nalala. Nalala haswa! Mchana mkono wangu hautikisiki, na bosi ameacha kuniangalia kwa jicho la pembeni. Mke wa Mwalimu amekuja likizo nyingine, safari hii amemaliza mwezi.

Bi Kimya naye anazima taa saa tatu. Jina lake tumebaki nalo kwa mazoea tu, kwani akianza kuzungumza pale bombani ndoo zinajaa zinamwagika.

Wewe unayesoma, pengine una jirani anakukera usiku. Kabla hujapandisha spika, kabla hujaandika barua, kabla hujamrushia vijembe, subiri kupambazuke. Mgongee mlango, msalimie, muulize: kuna nini? Usiku kila sauti ni adui. Mchana nyingi zina maelezo.

Na ukimaliza kumuuliza hayo, muulize na wewe unalalaje.

Yeye alisikia. Wewe ulikuwa usingizini.